Kuwauzia Mawakili Majina Yao

Katika arusi moja mwaka jana huko Mayfair, bi mkubwa ambaye wengi wenu mnamwita Shangazi, ingawa hana undugu na nusu yetu, alinishika mkono kwenye foleni ya biriani akaniuliza: "Hebu niambie, mwanangu. Miaka yote hii nasikia unafanya kazi na mawakili. Wewe si wakili, wala si karani wao. Unawauzia nini?"

Nikamjibu, "Shangazi, nawauzia majina yao."

Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Hata! Jina si alipewa na babake? Wewe wamwuziaje?"

Mhariri wetu alikuwa nyuma yetu na sahani yake mkononi, naye akasema papo hapo kwamba jambo hili liandikwe katika kitabu chetu cha mwaka. Basi naliandika. Nimeomba ruhusa kwanza kwa watu wawili ambao habari yao imo humu, kwa kuwa pasipo habari yao ningekuwa natangaza biashara yangu tu, na kurasa za matangazo ziko mwisho wa kitabu kwa malipo.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa wakili mmoja wa Kihindi pale Tanga, kabla ya Uhuru na baada yake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana. Mlangoni pa ofisi palikuwa na kibao cha shaba kisichozidi daftari la shule. Jina la wakili, na chini yake maneno machache ya Kiingereza ya kueleza kwamba ni wakili na kamishna wa viapo. Basi. Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kukisugua kwa limau na majivu mpaka king'are. Jirani yake alikuwa fundi cherehani mwenye ubao mkubwa uliochorwa bwana mwenye suti na kofia. Siku moja nikamwuliza baba kwa nini Bwana Wakili naye asiweke ubao kama ule. Baba akasema, "Wakili haiti watu. Watu humjia." Nilidhani ni majivuno ya matajiri. Sikujua kwamba ilikuwa ni amri.

Amri yenyewe ilitoka Uingereza, ikasambaa pamoja na mahakama zao kokote walikotawala. Wakili alikatazwa kujitangaza kama muuza sabuni, na akionekana anajitafutia wateja aliweza kufutwa katika orodha. Waingereza wenyewe waliifungua milango kwa mawakili wao wa ofisini mwaka 1984. Wamarekani walitangulia mwaka 1977, pale Mahakama yao ya Juu ilipoamua kwamba mawakili wawili wa Arizona hawakukosa kwa kuchapisha bei zao gazetini. Kenya ilingoja hadi mwaka 2012, Mahakama Kuu iliposema kwamba kuwakataza mawakili kabisa kujitangaza kunapingana na Katiba mpya ya 2010. Miaka miwili baadaye zikatoka kanuni za kuwaruhusu kwa mipaka. Kwa hiyo watoto wetu wanaosoma sheria wasishangae wazee wakisema kwamba wakili kuwa na tangazo ni utovu wa adabu. Kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa.

Hapa Johannesburg kibao cha shaba kina historia yake. Ukishuka mjini upande wa Fox Street, ng'ambo ya Mahakama ya Mahakimu, utaiona Chancellor House, jengo la ghorofa chache ambalo mgeni angeweza kulipita bila kugeuka. Humo, mwaka 1952, Nelson Mandela na Oliver Tambo walifungua ofisi yao ya uwakili, na mlangoni waliweka kibao chenye majina yao mawili. Hawakuhitaji mtu kama mimi. Waafrika waliobanwa na sheria za pasi walijaa kwenye ngazi na vijia tangu asubuhi. Nikiwapeleka wageni kutoka nyumbani kutembea mjini, huwasimamisha hapo kwanza, kisha tunakwenda Gandhi Square, penye kituo cha mabasi, ambapo tangu mwaka 2003 imesimama sanamu ya Gandhi kijana akiwa amevaa joho la wakili. Watu wengi humjua Gandhi yule wa shuka na bakora tu. Huyu wa hapa alikuwa wakili mwenye ofisi kwenye kona ya Rissik Street na Anderson Street, mwanzoni mwa karne iliyopita. Na kabla hajaja Afrika, alipokuwa anaanza kazi Bombay hana wateja, aliambiwa ampe kamisheni dalali aliyemletea kesi yake ya kwanza, akakataa kata kata. Mwenyewe ameieleza habari hii katika maisha yake aliyoyaandika. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Mimi nilifika mji huu mwaka 1995, nikapata kazi katika duka la uchapaji Fordsburg. Tulichapa kadi za arusi, risiti, na orodha za vyakula vya mikahawa. Siku moja akaingia bwana mmoja mweusi, suti safi, akitaka karatasi za barua. Nilikuwa nazungumza kwenye simu na nyumbani. Nilipoweka simu chini akaniambia kwa Kiswahili kisafi kuliko changu: "Habari za Tanga?" Nusura nianguke. Kumbe alikuwa mtoto wa wapigania uhuru, na alisoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya Solomon Mahlangu ambayo ANC waliianzisha mwaka 1978. Alirudi kwao, akamaliza sheria, akafungua ofisi ya vyumba viwili mjini. Ndiye aliyekuwa wakili wangu wa kwanza, na hadi leo bado ni mteja. Katika maelezo haya nitamwita Bwana wa Mazimbu.

Nilimchapia karatasi zake. Kisha nikamwambia, kwa ujasiri wa ujana, kwamba karatasi nzuri haisaidii kitu ikiwa hakuna wa kuandikiwa barua. Akacheka, akasema, "Basi niletee watu, lakini usiwaite." Kazi yangu yote tangu siku ile ni maneno hayo matano. Wakili ni kama binti wa kuposwa. Anataka aposwe, tena na watu wa maana, lakini haruhusiwi kusimama mlangoni akipunga mkono. Anayeuza utangazaji kwa mawakili ni kama yule somo anayehakikisha kwamba nyumba imefagiwa, udi umefukizwa, na jirani wanajua kuna binti.

Lazima niwaeleze pia kwamba nchi hii ina mawakili wa namna mbili. Yuko atoni, ambaye ndiye unayemwendea ofisini na shida yako, na yuko adivoketi, ambaye kazi yake hasa ni kusimama kortini, naye kwa desturi huletewa kesi na atoni wala si na wewe. Adivoketi hahitaji jina mtaani. Anahitaji jina kwa maatoni, na hilo hulipata kwa kushinda, si kwa kalenda. Sheria ya Uwakili namba 28 ya mwaka 2014 imewaruhusu baadhi ya maadivoketi kupokea wateja moja kwa moja kwa masharti, lakini mimi mkate wangu umetoka kwa maatoni, tena wadogo. Makampuni makubwa yalikwisha hama mjini kwenda Sandton, yana idara zao za kujitangaza zenye vijana wa chuo kikuu. Mengine yana ofisi mpaka kwetu, kama Bowmans waliopo Nairobi na Dar es Salaam. Hao hawanihitaji.

Kuuza kwa wakili si sawa na kumwuzia mwenye mkahawa. Mwenye mkahawa ukimwonyesha picha nzuri ya kuku anatoa pesa. Wakili huuza saa zake kwa vipande vya dakika sita sita, na kila ukaavyo mbele yake anavihesabu moyoni. Nilijifunza kuingia nikisema, "Bwana, nitachukua vipande viwili tu," na wengi walicheka wakanipa vitano. Tena wakili husoma kila kitu. Mkataba wangu wa ukurasa mmoja ulirudishwa na atoni mmoja ukiwa na wino mwekundu kila mstari, naye alikuwa ananunua kadi mia mbili tu. Na wakiwa washirika wanne katika ofisi moja, omba dua. Niliwahi kuchapa karatasi za ofisi moja mara tatu kwa sababu ya jina la nani litangulie. Mwishowe wakakubaliana kufuata alfabeti, na yule aliyeanza na herufi Z hakunisalimia mwaka mzima kana kwamba mimi ndiye niliyembatiza.

Wote walitaka picha ya mizani na nyundo. Mizani sawa. Lakini ile nyundo ya mbao ya hakimu wameiona katika filamu za Kimarekani. Sijaona hata siku moja jaji wa hapa akigonga nyundo, na mawakili wanajua hivyo kuliko mimi. Hata hivyo wanaitaka. Nimeichora nyundo hiyo pengine mara mia.

Jambo gumu zaidi ni sifa. Zamani kila jimbo lilikuwa na chama chake cha mawakili chenye kanuni zake. Tangu tarehe 1 Novemba 2018 yamekusanywa yote chini ya baraza moja, Legal Practice Council, ambalo kanuni zake za maadili zilitangazwa mwaka 2019. Wakili anaruhusiwa kujitangaza, ila asipotoshe, asijilinganishe na wenzake, asidai kuwa anawashinda, na asitaje jina la mteja pasipo idhini yake ya maandishi. Sasa niambieni, tangazo gani la duniani halisemi "bora" wala "namba moja"? Mimi ndiye mchapaji pekee ninayejua ambaye kazi yake ni kufuta sifa. Mteja huniletea ukurasa mzima wa "mahiri", "shupavu", "mwenye ushindi usio na kifani", nami hufuta mpaka inabaki anwani.

Na hapo ndipo nilipovumbua kitu ambacho ninajivunia. Ukiisha kufuta sifa, yabaki yale ambayo mtu mwenye shida anayataka kweli: ofisi iko karibu na kituo gani cha teksi, inafunguliwa saa ngapi, kikao cha kwanza ni bei gani, na je, nitaeleweka nikisema? Katika kipeperushi cha Bwana wa Mazimbu niliweka mstari mmoja kwa Kiswahili: "Tunazungumza Kiswahili." Mstari ule uliwaleta Wakongo wa Yeoville, Wakenya, na jamaa zetu wa Fordsburg ambao kwa miaka walikuwa wanaingia katika ofisi za watu na mtoto wa darasa la sita awe mkalimani wao. Hakuna kanuni inayokataza kusema unazungumza lugha gani.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenifanya niombe ruhusa.

Nyumbani tunaita kupiga debe. Kijana anasimama kituoni, anavuta abiria mkono, anamtia ndani ya basi, kisha konda anamtupia sarafu. Kwa mawakili wa hapa jambo hili ni kosa. Atoni haruhusiwi kumlipa mtu ili amletee wateja, wala kugawana ada yake na asiye wakili. Mtu kama mimi analipwa kwa kazi aliyoifanya: kibao, kipeperushi, kalenda, siku hizi na tovuti. Halipwi kwa kichwa. Nililijua hili tangu mwaka wangu wa kwanza, maana Bwana wa Mazimbu alinieleza kwa kirefu.

Debe hupigwa zaidi kwenye ajali za barabarani, na sababu ni kwamba huko ndiko kwenye fedha. Nchi hii ina Mfuko wa Ajali za Barabarani, unaopata mapato yake kutoka kwenye kila lita ya mafuta inayouzwa, nao humlipa fidia aliyeumizwa na gari kwa kosa la mwingine. Mgonjwa hana pesa ya wakili, kwa hiyo sheria ya mwaka 1997 inamruhusu wakili akubali kulipwa akishinda tu. Ila ada hiyo ya ushindi ina kikomo: isizidi mara mbili ya ada yake ya kawaida, wala isizidi robo ya fedha zilizopatikana, kidogo kati ya hayo mawili. Mkataba lazima uandikwe, na mteja ana siku 14 za kujitoa. Watu wangapi wanajua? Wakati ule mimi nilijua nusu nusu, na nusu niliyoijua sikutaka kuitazama.

Mnaikumbuka Mei 2008. Fujo zilianzia Alexandra zikaenea, wakafa watu 62, na maelfu wakahama. Wateja wangu walikuwa wageni wenye maduka madogo. Wengine walirudi kwao, wengine waliporwa wasiwe na cha kuchapisha. Wakati huo nilikwisha kuwa na duka langu mwenyewe na mashine niliyoinunua kwa mkopo. Mwaka 2009 nilidaiwa kodi ya miezi mitatu. Ndipo atoni mmoja wa mjini, ambaye nilimchapia kalenda, akanifungia mlango wa ofisi yake kwa upole akaniambia: "Wewe unawajua watu wako wote. Kila aliyeumia utakayeniletea, randi 2,000. Uniandikie ankara ya vipeperushi."

Nikasema nitafikiri. Sikufikiri muda mrefu.

Ramadhani ile kijana mmoja wa kwetu aligongwa na teksi ya abiria kwenye Louis Botha Avenue, akavunjika mguu mahali pawili. Mama yake ni mjane, na tangu tulipofika mji huu ananiita kaka nami namwita dada. Nilikwenda hospitalini kabla ya magharibi. Mkono mmoja nilishika tende za kufuturu, na katika mfuko wa koti nilikuwa na fomu za yule atoni. Dada alikuwa hajalala siku mbili. Aliponiona alisema, "Alhamdulillahi, kaka, wewe ndiye unayejua mambo haya." Kijana akatia sahihi kitandani, karatasi nne za Kiingereza, mama akashuhudia. Mimi ndiye niliyetoa kalamu. Wiki ile ile nikaandika ankara ya vipeperushi 1,000 ambavyo havikuchapwa kamwe, nikalipwa, nikalipa kodi ya mwezi mmoja.

Mwaka 2012 Mfuko ulilipa randi 240,000. Yule atoni alimpa kijana 100,000. Kwao hizo zilikuwa fedha nyingi mno, maana hawakuwahi kuona hata elfu ishirini pamoja. Dada alipika halua akaniletea dukani, bakuli zima, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikaila.

Siku chache baadaye nilikuwa kwa Bwana wa Mazimbu kwa kazi nyingine, nikamsimulia kwa kujigamba namna jamaa yetu alivyofidiwa. Akachukua penseli. Akaandika 240,000, akapiga mstari, akaandika 60,000. "Robo ni hii," akasema. "Toa na ripoti za madaktari. Hizi nyingine ziko wapi?" Sikujibu. "Nani alimpeleka kwa huyu mtu?" Sikujibu pia. Akaiweka penseli chini, akanitazama, kisha akaniuliza kama nataka chai. Mpaka leo sijui kwa nini chai ile iliniuma kuliko matusi.

Ilinichukua wiki mbili kwenda kwa dada. Nilimkuta anakunja nguo za watu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikamwambia na juu ya zile 2,000. Alinyamaza, akaendelea kukunja shati mpaka mwisho, akaliweka juu ya mengine.

"Elfu mbili?"

"Elfu mbili."

"Kaka," akasema, "ungeniomba ningekupa."

Hakusema zaidi, wala hakunifukuza. Kijana ndiye aliyekasirika, na alikuwa na haki. Alinena maneno ambayo kitabu cha familia hakiyawezi.

Bwana wa Mazimbu alituambia mlango wa kugonga ni chama cha mawakili cha mikoa ya kaskazini, ambacho wakati huo kilikuwa Pretoria na ndicho kilichowasimamia maatoni wa Johannesburg. Lakini malalamiko yalihitaji ushahidi, na ushahidi wa debe ulikuwa mimi na ankara yangu ya uongo. Alinionya kwamba jambo hili litanigharimu. Nikaenda kituo cha polisi, maana hapa askari ni kamishna wa viapo bila malipo, nikaapa mbele ya askari mwanamke aliyekuwa anakula chungwa. Alisoma kiapo changu chote, jambo ambalo hawalazimiki kulifanya, akagonga mhuri, akasema, "Hm." Kesho yake tukapanda gari watatu, dada mbele, kijana nyuma na mkongojo wake, tukaenda Pretoria. Hakuna aliyezungumza mpaka tulipopita Midrand, dada alipotoa chapati kwenye mkoba akanigawia. Nilijua si msamaha. Ilikuwa saa ya kula.

Baada ya miezi 14 yule atoni alirudisha randi 76,000, zikiwa ni zile zilizozidi baada ya kutoa gharama za madaktari zilizokubaliwa. Mengine yaliyompata ni yake. Mimi nilipoteza wateja watatu ndani ya mwezi mmoja, mawakili huambiana. Niliuza mashine, nikarudi kuchapisha kwa watu. Mke wangu alisimama sokoni Fordsburg miezi kadhaa akiuza kashata na visheti, na sikumsikia akinilaumu mbele ya watoto, ingawa nyuma ya mlango nilipata sehemu yangu.

Wateja waliorudi walirudi mmoja mmoja, na wengine waliniambia wazi kwamba wamerudi kwa sababu ya kile kiapo. Sitaki nikuze jambo hili. Wengine hawakurudi kabisa.

Siku hizi kazi yangu kubwa ni zile jioni za maelezo ambazo baadhi yenu mmehudhuria ukumbini. Tunapanga viti, wakili anakuja anaeleza jambo moja kwa saa moja, mimi natafsiri, sambusa zinapita. Wakili ananilipa kiasi kile kile waje watu watano au hamsini. Hakusanyi majina wala namba za simu. Kadi zake zinakaa mezani karibu na mlango, anayetaka anachukua mwenyewe. Mawakili vijana huniuliza, "Sasa nitajuaje kama imefaa?" Huwaambia wangoje. Binti haposwi siku ya kufukiza udi.

Jioni iliyojaa kuliko zote ilikuwa ya wasia. Wengi hawakujua kwamba Mwislamu akifa hapa bila wasia ulioandikwa, mali yake hugawanywa kwa sheria ya nchi wala si kwa mirathi yetu, na kwamba wasia unataka mashahidi wawili ambao wenyewe hawarithi chochote ndani yake. Mzee mmoja alisimama akauliza kama anaweza kuandika wasia bila wake zake kujua. Ukumbi ulicheka kwa dakika nzima, na wakili, maskini, alingoja nimtafsirie kicheko.

Jioni ya ajali tumeifanya mara nne. Nieleze kwa wale ambao hawakuja: dai dhidi ya gari linalojulikana lina miaka mitatu, na la gari lililogonga likakimbia lina miwili. Unaweza kupeleka dai kwa Mfuko mwenyewe bila wakili. Ukimchukua wakili, mwombe akuonyeshe cheti chake cha mwaka cha Fidelity Fund. Mwenye nacho haoni haya kukionyesha. Asiye na uwezo aulize Legal Aid South Africa. Na wale waliotishwa kwamba mgeni asiye na karatasi halipwi, wajue kwamba agizo la Mfuko la mwaka 2022 la kuwazuia watu hao lilitenguliwa na Mahakama Kuu ya Pretoria mwaka 2024. Mtu akikujia kitandani hospitalini na fomu, hata akiwa ameleta tende, mwambie aache fomu aende, uisome ukiwa umekaa.

Kijana yule sasa ni baba wa watoto wawili. Anachechemea kidogo wakati wa baridi. Ndiye anayepanga viti na kuwasha mashine ya picha katika jioni zetu, na ninamlipa, naye hunidai risiti kila mara, tena huisoma mbele yangu mstari kwa mstari. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alisema, "Andika, ila usiseme nilikupiga." Basi sisemi.

Simu za vijana wa tovuti zimeanza kunijia. Wanataka nishirikiane nao: wakili alipe kwa kila mtu anayebonyeza na kupiga simu, nami nipate fungu langu kwa kila kichwa. Wanalieleza kwa Kiingereza kizuri sana chenye maneno mapya. Mimi huwauliza watanitaka niandike ankara ya nini.

Nimwambie na Shangazi, kwa kuwa najua atasomewa ukurasa huu na wajukuu zake: kile kibao ulichoagiza cha maandazi kiko tayari, njoo ukichukue kabla ya Ijumaa. Nimeandika kama ulivyotaka, "Maandazi bora kuliko yote Mayfair," kwa herufi kubwa, rangi nyekundu. Wewe si wakili. Hakuna atakayekushitaki, isipokuwa labda jirani yako wa Kisomali, na huyo mtayamaliza kwa chai.